Kitovu Kimezikwa Wapi? Shajara ya Kifaa cha Ulimwengu, Malindi

14 Septemba

Leo tumeanza rasmi. Wanafunzi 9 wa chama cha sayansi, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha tatu, wamekubaliana nami kwamba tutatengeneza kifaa kimoja tu, kitakachowekwa katika ukumbi wa mtaa siku ya Jamhuri, na kwamba kifaa hicho kitajibu swali moja: ikiwa ulimwengu unatanuka, unatanuka kuanzia wapi? Shule zitakuwa zimefungwa kabla ya siku hiyo, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi itafanyika barazani kwangu.

Swali lenyewe si langu. Liliulizwa mwezi uliopita na msichana wa kidato cha pili anayetoka Mambrui, naye aliliuliza kwa lugha ya nyumbani: "Mwalimu, kitovu chake kimezikwa wapi?" Kwetu mtu akitaja mahali kilipozikwa kitovu chake anataja kwao, mahali pasipobadilika hata akihama mara kumi. Nilimjibu kwa haraka kwamba ulimwengu hauna kitovu, na nikaona katika nyuso zao kwamba nimewanyang'anya kitu bila kuwapa kingine cha kushika. Jibu lilikuwa sahihi, ila halikumsaidia mtu. Kifaa hiki ni deni langu kwa swali lile.

21 Septemba

Tumeanza na puto, kwa kuwa maelezo mengi ya jambo hili huanza na puto. Nukta zilichorwa kwa kalamu ya wino mzito, puto likapulizwa, nukta zikaachana, na kwa dakika mbili nilidhani kazi imekwisha. Kisha mvulana wa kidato cha kwanza akaligusa tumbo la puto na kusema kwamba kitovu kimo humu ndani, na wenzake wote wakamkubali.

Kuhusu puto alisema kweli. Ila katika mfano huu ulimwengu ni ngozi ya puto peke yake, si hewa iliyomo; chungu atembeaye juu ya ngozi hiyo umri wake wote hatafika kwenye kitovu kile, kwa sababu hakipo mahali popote awezapo kufika. Anayekitaka itambidi arudi nyuma hadi puto lilipokuwa dogo, na huko ni jana, si mahali. Niliyaeleza haya nao wakayaandika madaftarini. Hata hivyo mgeni atakayesimama mbele ya kifaa bila mwalimu pembeni yake ataona mpira wenye hewa ndani, na atatia kidole katikati kama alivyofanya mvulana huyu. Puto tumeliondoa.

5 Oktoba

Jaribio la pili lilikuwa utepe uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, ule ambao watoto hutengenezea manati. Tuliushonea kauri 5 kwa umbali wa sentimita 10 kati ya moja na nyingine, tukafunga ncha moja kwenye msumari, tukavuta ncha ya pili mpaka kila nafasi ikawa sentimita 15. Kisha tukapima. Ukisimama kwenye kauri ya kwanza, ya pili imekukimbia kwa sentimita 5, ya tatu kwa 10, ya nne kwa 15 na ya tano kwa 20. Ukihamia kwenye kauri ya tatu, jirani wa kulia amekukimbia kwa 5, jirani wa kushoto kwa 5, na wale wa mwisho kwa 10 kila mmoja. Kila kauri inajiona imetulia na nyingine zote zinaikimbia, na iliyo mbali maradufu inakimbia maradufu.

Hapo ndipo nilipowasimulia habari za walioliona jambo hili angani. Mwaka 1912 Vesto Slipher, akifanya kazi Arizona, alianza kuupima mwanga wa galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, ambazo wakati huo ziliitwa mawingu tu, na kufikia 1917 alikuwa amepima 25, nyingi kati yake zikiwa na mwanga ulioegemea upande wa wekundu, yaani zinatukimbia. Mwaka 1922 Alexander Friedmann aliitumia nadharia ya Einstein ya 1915 kuonyesha kwamba ulimwengu unaweza kutanuka. Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanahisabati hodari, aliunganisha hisabati hiyo na vipimo vya angani. Mwaka 1929 Edwin Hubble alichapisha uhusiano wenyewe kati ya umbali na mwendo. Kadirio lake lilikuwa kubwa kupita kiasi, kama kilometa 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki (kipimo cha umbali, kama miaka ya nuru milioni 3.3, na mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), ambapo vipimo vya leo vinatoa kati ya 67 na 73. Kwa hesabu nyepesi, kila miaka ya nuru milioni moja inaongeza mwendo wa kama kilometa 20 hadi 23 kwa sekunde. Tangu 2018 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia umependekeza kanuni hii iitwe kwa majina ya Hubble na Lemaître pamoja, na mimi naona ni haki iliyochelewa.

Tulikaa sana kwenye neno "maradufu", kwa sababu ndani yake mna siri yote. Niliwachorea ubaoni ulimwengu wa uongo ambamo mwendo unafuata kipeo cha pili cha umbali: kitu kilicho umbali wa 1 kinakwenda kwa 1, kilicho umbali wa 2 kwa 4, kilicho umbali wa 3 kwa 9. Ukikaa kwenye kile cha 1, aliye nyuma yako kwa hatua moja anaachana nawe kwa 1, na aliye mbele yako kwa hatua hiyo hiyo anaachana nawe kwa 3. Anga lako limepinda upande mmoja, na kupinda huko kunakuonyesha kitovu kiko wapi. Ni uwiano ulionyooka peke yake, ule wa kauri zetu, unaomruhusu kila mmoja kuona anga lililo sawa.

Utepe nao una dosari yake. Wanafunzi waliuona msumari na kusema kwamba huo ndio kitovu. Tulipoung'oa na wawili wakavuta kutoka pande mbili, kitovu kikahamia katikati. Walipovuta huku wakitembea, mmoja akienda kwa kasi kuliko mwenzake, kikatoka nje ya utepe kabisa, ilhali vipimo kati ya kauri na kauri havikubadilika hata kidogo. Kitovu walichokiona kilikuwa cha mikono inayovuta. Lakini mgeni ukumbini ataiona mikono kwanza.

12 Oktoba

Nimepoteza shilingi na siku nzima. Kwa jaribio la tatu, la kulaza picha mbili za nukta moja juu ya nyingine, nilipeleka karatasi za plastiki kwenye duka la fotokopi ili nukta zinakiliwe mara mbili, nakala moja kwa ukubwa wa kawaida na ya pili kwa asilimia 110, lakini plastiki niliyopeleka haikuwa ya kustahimili joto la mashine, ikajikunja na kunata ndani. Nimelipia usafishaji. Njia iliyobaki ni kutoa nakala kwenye karatasi ya kawaida, kisha kuzihamishia nukta kwa mkono juu ya plastiki angavu.

26 Oktoba

Imefanya kazi! Naandika haya usiku huu huu.

Tulikuwa na karatasi moja ya plastiki yenye nukta 60 za buluu zilizotawanywa ovyo, na nyingine yenye nukta zile zile kwa wekundu, zote zikiwa zimetanuliwa kwa asilimia 10. Ya kwanza ni ulimwengu wa jana, ya pili ni ulimwengu wa leo. Nilizilaza moja juu ya nyingine bila kuzigeuza na kuilinganisha nukta moja ya katikati, nyekundu ikakaa juu ya buluu kamili. Papo hapo nukta nyingine zote zikawa jozi jozi, buluu ndani na nyekundu nje, zile za karibu zimeachana kwa unene wa ukucha na za mbali kwa upana wa kidole, zote zikitoka kwenye ile nukta moja kama miale ya jua. Wanafunzi wakasema kwa sauti moja, "Hicho hapo kitovu!"

Sikusema neno. Nilimpa karatasi ya juu yule msichana wa Mambrui na kumwambia achague nukta nyingine yoyote. Akachagua moja karibu na pembe ya kushoto, akaisogeza plastiki polepole huku ameng'ata midomo, na nyekundu ilipokaa juu ya buluu miale yote ikahamia kwenye pembe. Akachagua nyingine, ikahama tena. Alifanya hivyo mara sita au saba bila kuzungumza, kisha akaniangalia na kusema, "Kumbe ni popote nikiwekapo kidole." Hakuna mkono unaovuta, hakuna msumari, hakuna tumbo la puto. Mtu anayetafuta kitovu anakipata, na anakipata kila anapokitafuta, mpaka mwenyewe anaona kwamba kitu kinachopatikana kila mahali hakiwezi kuwa mahali pamoja.

Dosari ni mbili. Kwanza, mashine ya fotokopi ilizikuza nukta zenyewe pamoja na nafasi kati yake, jambo ambalo si kweli angani: galaksi haitanuki, wala Jua na sayari zake hazitanuki, wala Malindi, kwa sababu vitu hivi vimeshikwa na nguvu za mvutano na nguvu nyingine zilizoshinda kutanuka kule. Kinachokua ni nafasi kati ya makundi makubwa ya galaksi. Pili, karatasi ni ndogo na ina kingo zinazoonekana. Tutachora upya kwa mkono, kwa ukubwa unaostahili ukumbi.

9 Novemba

Tumenunua plastiki angavu ya kufunikia meza, ile inayouzwa kwa mita. Karatasi ya kwanza ina sentimita 80 kwa 60 na nukta 180. Ya pili ina 88 kwa 66. Kila nukta imepimwa kutoka kwenye pembe moja, umbali wa kulia na umbali wa juu, na kila kipimo kimezidishwa kwa 1.1, kisha nukta ya pili ikachorwa kwa kalamu ile ile ili unene usibadilike. Hizo ni hesabu 360, na wanafunzi walizigawana.

Tulipolaza plastiki mbili, miale ilitokea, isipokuwa nukta moja ya upande wa kulia ambayo ilikataa. Kila tulipohamishia kitovu, yenyewe ilielekea upande ambao wenzake hawakwenda. Tulirudi kwenye madaftari: nukta hiyo ilikuwa kwenye 42.0, na mara 1.1 ni 46.2, lakini mwandishi wake alikuwa ameandika 42.6. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, na kosa la sentimita 3.6 likaonekana na kila mtu aliyesimama mezani, kutoka kila upande.

Mwanafunzi mmoja alipendekeza tuiache na kuiita Andromeda. Wazo lake lina msingi, kwa maana Andromeda kweli inakwenda kinyume na nyingi, inatukaribia. Slipher aliupima mwendo huo mapema kabisa, kama kilometa 300 kwa sekunde ukihesabu kutoka kwenye Jua; sehemu kubwa ya mwendo huo ni wa Jua letu likizunguka ndani ya galaksi yetu, na ukiutoa unabaki ukaribiano wa kama kilometa 110. Lakini Andromeda ni jirani, iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 tu, na ni ujirani huo unaoufanya mvutano ushinde kutanuka. Nukta iliyokosewa ilikuwa mbali na nukta tuliyoiteua kuwa yetu. Kosa la hesabu halifai kupewa jina la galaksi. Tumelifuta, na mahali pake tumechagua jirani halisi wa nukta yetu na kumsogeza ndani kwa makusudi, kisha tukaandika maelezo yake pembeni.

16 Novemba

Leo barazani limekuja swali ambalo sikulitarajia, nalo limenifurahisha kuliko yote. Mvulana wa kidato cha tatu alisema: "Mwalimu, fataki nayo je?" Fataki ikipasuka juu, cheche zenye kasi kubwa hufika mbali na zenye kasi ndogo hubaki karibu. Kwa hiyo umbali na mwendo vina uwiano ule ule ulionyooka, na kila cheche inaona nyingine zikiikimbia kwa maradufu kama kauri zetu. Na fataki ina kitovu! Basi plastiki zetu zimethibitisha nini?

Amesema kweli, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake. Kanuni ya uwiano peke yake haitofautishi kutanuka kwa nafasi yenyewe na mlipuko wa vitu ndani ya nafasi tupu. Kinachotofautisha ni ukingo. Fataki ina mwisho, na nje yake ni giza. Cheche iliyo karibu na ukingo ingeona wenzake wengi upande mmoja na weusi upande wa pili, na cheche ya katikati peke yake ndiyo ingeona usawa pande zote.

Je, sisi tunaona nini? Tunaona usawa. Ramani za galaksi zilizohesabiwa kwa maelfu na maelfu zinaonyesha vishada na nyuzi na mapango matupu, lakini ukitazama kwa vipimo vya miaka ya nuru mamia ya milioni, upande mmoja hauzidi mwingine. Zaidi ya hapo kuna mnururisho wa kale uliojaa anga lote, ambao Arno Penzias na Robert Wilson waliukuta mwaka 1964 kwa antena yao huko Holmdel, New Jersey, walipokuwa wakihangaika na mvumo ambao haukuondoka popote walipoielekeza. Ni mwanga wa ulimwengu ulipokuwa na umri wa kama miaka 380,000, na leo umepoa hadi kelvini 2.725, yaani chini ya nyuzi tatu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Upande mmoja wa anga, kuelekea buruji ya Asadi, una joto la ziada kidogo mno, kwa kuwa sisi wenyewe tunakwenda upande huo kwa kama kilometa 370 kwa sekunde. Ukishautoa mwendo wetu, tofauti zinazobaki ni za kama sehemu moja katika laki moja.

Lakini yule kijana hakuridhika, na sikutaka aridhike. Cheche ya katikati nayo ingeona usawa. Pengine sisi ndio tuliokaa katikati? Tangu Copernicus alipoiondoa Dunia katikati ya ulimwengu mwaka 1543, wanaastronomia wamekuwa wagumu wa kukubali kwamba mahali petu ni pa pekee, lakini ugumu huo ni busara, si kipimo. Tukaachana saa ya magharibi, nikiwa nimemwahidi kipimo.

23 Novemba

Nimekwenda Ngomeni peke yangu, na nimerudi na jibu, ingawa sikulifuata huko.

Nilikwenda kwa ajili ya maelezo ya ukumbini. Ukisimama ufukweni Ngomeni unayaona majukwaa ya San Marco baharini, yamesimama kwa miguu yake ya chuma, ambapo Waitaliano walirushia setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Pwani hii ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa Dunia huisaidia roketi, na mashariki yake ni bahari tupu. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza kuwahi kujengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei peke yake, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Kenya iliitwa Uhuru. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi habari hii kwa fahari, lakini kama pambo tu. Leo, nikiwa nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kupitia daftari langu, niliona kwamba si pambo.

Moja ya mambo makubwa ambayo Uhuru iliyaonyesha ni kwamba vishada vya galaksi vinang'aa kwa eksirei, na mng'ao huo unatokana na gesi yenye joto la mamilioni ya digrii iliyotanda kati ya galaksi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rashid Sunyaev na Yakov Zeldovich, wa Umoja wa Kisovieti, walieleza kwamba mnururisho wa kale ukipita katika gesi ya namna hiyo hugongana na elektroni zake na kutoka ukiwa na alama. Na alama hiyo inategemea, pamoja na mengine, jinsi kishada kinavyokwenda kuhusiana na mnururisho unaokizunguka. Maana yake ni kwamba kila kishada ni kama kioo kilichotundikwa mbali, tunachoweza kutazama ndani yake na kuliona anga kama linavyoonekana kutoka kule.

Sasa turudi kwenye fataki. Kama galaksi zingekuwa cheche zinazokimbia kutoka kwetu ndani ya nafasi iliyotulia, kishada cha mbali kingekuwa kinaupasua mnururisho kwa kasi kubwa, kikiuona wa moto mbele yake na wa baridi nyuma yake, na gesi yake ingetuletea alama ya mwendo huo. Vipimo vya setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, havikuona hivyo: vishada kwa wastani havina mwendo mkubwa kuhusiana na mnururisho wa mahali pao. Kila kimoja, hata kile ambacho sisi tunakiona kinatukimbia kwa maelfu ya kilometa kwa sekunde, kimetulia nyumbani kwake karibu kama sisi tulivyotulia kwetu. Kinachokua ni nafasi iliyo kati yetu.

Nimemtumia kijana ujumbe nikiwa bado ndani ya matatu. Amejibu kwa neno moja, "Nimeona," na baada ya nusu saa akauliza kama anaweza kuandika yeye maelezo ya sehemu hiyo. Ameruhusiwa.

30 Novemba

Ami yangu alikuja kutuamkua baada ya alasiri. Ni nahodha mstaafu, na macho yake sasa si mazuri, lakini alikaa mezani na kuzisogeza plastiki kwa muda mrefu. Kisha akagusa ukingo.

"Mwanangu," akasema, "hapa bahari imekatika."

Nilimwambia kwamba ndiyo dosari tuliyoshindwa kuirekebisha: tumeikuza karatasi, lakini bado ina mwisho, na mtu akiuona mwisho ataupima katikati yake kwa rula. Ami akafikiri kidogo, kisha akaeleza jambo ambalo nilipaswa kulijua. Chombo kikiwa bahari kuu, nahodha huona duara la maji lililomzunguka, na yeye yuko katikati ya duara hilo kamili. Chombo kingine kilicho mbali kina duara lake, na nahodha wake naye yuko katikati. Hakuna nahodha mwenye akili anayedhani kwamba bahari inakoma pale duara linapokoma, wala kwamba yeye ni kitovu cha bahari kwa kuwa ni kitovu cha upeo wake. Na ukisafiri, duara husafiri nawe.

Nilipiga hesabu usiku. Jicho lililo mita 2 juu ya maji linaona hadi kama kilometa 5. Mtu akipanda mlingoti hadi mita 10 anaona kama 11. Ulimwengu nao una upeo wa namna yake kwa kila anayetazama, kwa kuwa nuru imekuwa na miaka bilioni 13.8 tu ya kusafiri. Kwa sababu ya kutanuka, vitu vilivyotoa nuru ya kale kabisa tunayoipokea sasa viko umbali wa kama miaka ya nuru bilioni 46 kila upande. Sisi tuko katikati ya upeo huo, na aliye Andromeda yuko katikati ya wake.

Kwa hiyo tumefanya mambo mawili. Fundi seremala ametengeneza meza yenye fremu pana inayofunika kingo zote za plastiki, ili asiwepo mgeni atakayeona karatasi inaishia wapi. Na tumechukua duara la chekecheke kuukuu la jikoni kwangu, lenye upana wa sentimita 30, tukaondoa wavu wake na kulipaka rangi nyeupe. Mgeni atachagua nukta yake, ataisogeza plastiki ya juu, kisha ataliweka duara kuizunguka nukta hiyo. Ndani ya duara ni kile anachoweza kukiona.

7 Desemba

Maneno ya bango yametuchukua siku tatu. Ubishi mkubwa ulihusu "Mlipuko Mkuu" (Big Bang), jina linalotumika sana kwa mwanzo wa ulimwengu na ambalo, kwa maoni yangu, limechangia nusu ya mkanganyiko wote huu. Mlipuko una mahali, una sauti, una watu waliosimama mbali. Jina hilo lenyewe alilitoa mwanaastronomia Fred Hoyle katika redio ya BBC mwaka 1949, naye hakuwa mfuasi wa nadharia hiyo. Wanafunzi walitaka libaki kwa kuwa wageni wanalijua. Tumekubaliana litajwe mara moja, na kwingine kote tuandike "mwanzo wa kutanuka". Tumekataa pia "kusambaa", kwa kuwa kinachosambaa kinakwenda mahali palipokuwa patupu.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama tunaweza kuandika kwamba galaksi hazina kibla. Nilimwambia kwamba sisi tunaelekea kibla kwa amri na kwa mapenzi, na hilo ni jambo lake peke yake, tusilichanganye na vipimo. Lakini niliielewa maana yake: katika kutanuka huku hakuna mahali pamoja ambapo wote wanapaelekea au wanapakimbia. Tumeliandika hivyo, kwa maneno hayo.

Sentensi ya juu kabisa, yenye herufi kubwa kuliko zote, aliiandika msichana wa Mambrui: "Chagua nukta yoyote, uiite kwetu."

12 Desemba

Kaskazi imeanza kuvuma, na mara mbili iliinua pembe ya bango. Kifaa kilikaa mezani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Sikuhesabu wageni. Wengi waliisogeza plastiki mara moja, wakaona miale, wakaondoka, na sina la kuwalaumu. Wengine walikaa. Bibi mmoja aliyekuja na wajukuu alihamisha kitovu mara nyingi, kisha akauliza kama na hapa Malindi palikuwepo siku ile ya mwanzo. Kijana wa kidato cha tatu ndiye aliyemjibu: kila mahali palikuwepo, Bibi, pakiwa pamebanana, mwanzo haukutokea kwingine ukatufikia sisi. Bibi akasema, "Basi ulianzia hapa." Kijana akasema ndiyo, na pengine pote.

Ami alifika baada ya swala ya adhuhuri. Hakuchagua nukta ya katikati wala ile tuliyoiandika kuwa yetu. Alipapasa hadi kwenye fremu, akachagua nukta iliyokuwa karibu kabisa na ubao, nusu yake imefichwa, akaiweka nyekundu juu ya buluu kwa msaada wa msichana wa Mambrui. Miale ikatokea, mingi ikipotea chini ya fremu. Akalichukua duara la chekecheke na kuliweka, na nusu ya duara ikakaa juu ya mbao.

"Huku," akasema akigonga mbao kwa kidole, "si kwamba hakuna kitu."

"Ziko nukta, Ami," msichana akamjibu, "tumezifunika tu." Akainamia fremu, akafungua vibana viwili na kuisukuma meza ya chini kwa sentimita 10 hivi, nukta za upande ule zikatoka chini ya mbao moja baada ya nyingine, buluu na nyekundu, zikiwa zimeachana kama zilivyopaswa.

Vibana hivyo vinalegea. Itabidi vibadilishwe kabla kifaa hakijapelekwa Mambrui mwezi ujao.